Bwana Obadia Aomba Kushushwa

Ipo nchi moja ambayo jina lake sitalitaja. Si siri, ila ni jina refu mno, na wenyewe hununa likifupishwa. Ni nchi ya amani, yenye mvua za wastani na wizara arobaini na moja. Hiyo ya mwisho iliundwa baada ya kugundulika kwamba nchi jirani nayo ina arobaini.

Kwa miaka mingi serikali ya huko ilihangaika na kodi. Wananchi walificha mbuzi, walificha maduka, na wengine walificha hata nyumba wanazolala, wakidai ni za shangazi zao. Ndipo akateuliwa Waziri wa Fedha na Heshima, Mheshimiwa Daktari Profesa Lwitiko Kanyamale, msomi aliyeweza kusinzia katika mikutano ya lugha nne tofauti. Siku yake ya kwanza bungeni alipanda jukwaani, akasafisha koo, akasema:

"Waheshimiwa, mwananchi ukimuuliza ana shilingi ngapi, atakudanganya kwa kupunguza. Muulize yeye ni nani. Hapo atakudanganya kwa kuongeza. Serikali makini huchukua chake pale mwananchi anapoongeza."

Bunge lilipiga makofi dakika kumi na nne, likapumzika kwa chai, likarudi kumalizia nyingine sita.

Hivyo ikapita Sheria ya Kujitaja. Watu wote waligawanywa madaraja manne: Mtu wa Kawaida, Mtu Kiasi, Mtu Mzito na Mtu Mkubwa. Hakuna aliyempangia mwenzake. Mara moja kwa mwaka unakwenda dirishani, unaulizwa wewe ni nani, unajitaja kwa kinywa chako mwenyewe na unapewa kadi. Kuanzia hapo kila kitu unauziwa kwa bei ya daraja lako. Sukari ni ileile, ya gunia lilelile, na kopo la kuchotea ni lilelile. Ila Mtu Kiasi hupewa na tabasamu, Mtu Mzito muuzaji husimama kumhudumia, na Mtu Mkubwa hupimiwa na muuzaji aliyevua kofia. Muuzaji asiye na kofia anatakiwa aivae kwanza.

Wataalamu wa nje walicheka. Walisema kila mtu atajiita wa Kawaida na serikali itafilisika. Wataalamu hao hawakuwa wanaijua nchi ile. Mwaka haukuisha, hazina ikafurika, na serikali ikanunua ndege ya pili ya kuisindikiza ile ya kwanza.

*

Katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi Bwana Obadia Mtengule, karani wa Idara ya Mihuri ya Akiba. Kazi yake ilikuwa kutunza mihuri ambayo ingetumika endapo mihuri mikuu ingechoka. Katika miaka kumi na tisa haikuchoka hata mara moja, lakini Bwana Obadia aliipangusa kila asubuhi, maana mtu hajui.

Mshahara wake ulikuwa wa Mtu wa Kawaida, na si wa Kawaida aliyenona. Kadi yake, hata hivyo, ilisema Mtu Mzito. Alijitaja hivyo mwaka wa kwanza wa sheria, akiwa ametoka kunyoa, na tangu hapo hakuona pa kushukia. Alikwenda sokoni na koti lake jeusi, akanunua vitunguu viwili kwa bei ya sita, na mwenye kibanda akasimama. Bwana Obadia alirudi nyumbani na vile vitunguu viwili akiwa amejaa kuliko mwenye kapu.

Mkewe, Tunsume, alikuwa na kadi yake mwenyewe, ya Kawaida, na wala hakuificha. Yeye alipokwenda sokoni muuzaji alibaki amekaa, wakati mwingine amelala, na Tunsume alijichotea mwenyewe. Nyumba ile ilikula kwa kadi ya Tunsume. Bwana Obadia aliamini inakula kwa sababu yeye ni mwangalifu.

"Mama Sekela," alikuwa akisema akipakua wali, "unaona mtu akijiheshimu anavyobarikiwa?"

"Naona, Baba Sekela," alijibu Tunsume. "Ongeza na mchuzi."

Mambo yangeendelea vivyo hivyo kama si binti yao wa pekee, Sekela, kupata nafasi Chuo cha Uuguzi. Msichana huyu tangu akiwa mdogo alikuwa akifunga bandeji miguu ya viti, na barua ya chuo ilipofika aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Mwisho wa barua paliandikwa ada. Nayo ilikuwa na bei nne, na sheria ilisema wazi: mtoto hulipiwa kwa daraja la baba.

Tunsume aliingia chumbani akatoka na bati la biskuti. Ndani mlikuwa na akiba ya miaka sita ya kununua sukari kwa watu wasiosimama. Walipohesabu, ilitosha ada ya Mtu wa Kawaida, ikabaki nauli. Ada ya Mtu Mzito ilikuwa mara tatu yake.

Bwana Obadia aliangalia bati, akaangalia barua, akaangalia kucha zake.

"Siku ya Kujitaja ni Alhamisi hii," alisema Tunsume kwa upole. "Ni maneno matatu tu, Baba Sekela. Mtu wa Kawaida. Ukishayasema, mtoto anasoma."

"Kwani mimi nimekataa?" alisema Bwana Obadia. "Nitayasema. Mimi si mtu wa kujikweza."

Sekela alipiga magoti akamshukuru baba yake, na Bwana Obadia akaona maneno matatu si kitu.

*

Alhamisi ilifika. Foleni ilianzia dirishani ikapita posta, ikazunguka sanamu ya Mwasisi wa Foleni, ikarudi. Bwana Obadia alijipanga akiwa na koti lake, huku akirudia maneno yake chini chini. Nyuma yake alisimama jirani yake, Mzee Syoka Mwakitwange, mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache ambaye yeye alijiita Mtu Kiasi na hakuwa na la kuongeza.

Sasa ni lazima nieleze kuhusu dirisha. Serikali haikumlazimisha mtu kujitaja juu, hasha. Iliweka tu vitu vitatu. Cha kwanza ni kipaza sauti, ili mtu asijisumbue kupaza sauti. Cha pili ni bendi, ambayo ilimpigia Mtu Mkubwa dakika nne, Mtu Mzito dakika mbili, Mtu Kiasi nusu dakika, na Mtu wa Kawaida ilimpigia mluzi mmoja wa filimbi, mfupi, kama anayeitwa atoke njiani. Cha tatu kilikuwa Afisa Nyusi. Huyu alisomeshwa ng'ambo miezi tisa kwa fedha za umma kujifunza jambo moja, nalo ni kuinua unyusi wa kushoto bila kusogeza wa kulia.

"Wewe ni nani?" aliuliza Afisa Nyusi.

"Obadia Mtengule," alijibu Bwana Obadia, na kipaza sauti kikalipeleka jina lake mpaka sokoni. "Mtu wa Ka..."

Unyusi wa kushoto ulianza kupanda. Haukupanda haraka. Ulipanda taratibu, kwa masikitiko, kama ambaye alikuwa na matumaini makubwa na Bwana Obadia tangu utotoni. Afisa aliinama kidogo akanong'ona, "Hivyo tu?"

Bwana Obadia alihisi macho ya mji mzima kisogoni. Alimsikia mtu akikohoa. Alijua kikohozi kile kinamhusu. Koti lilimbana, na mdomo wake ukafanya kazi bila yeye kuhusishwa.

"Mtu Mkubwa," alisema.

Bendi ililipuka. Kwa dakika nne nzima Bwana Obadia alisimama wima akipokea saluti ya filimbi na ngoma, na sitaficha ukweli, alifurahi sana. Dakika ya tano ndipo alipokumbuka bati la biskuti.

*

Nyumbani hakuna aliyemgombeza, na hilo ndilo lililomuumiza. Sekela aliikunja barua ya chuo akairudisha kwenye bahasha. Kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeoshwa tayari.

"Chuo kinafungua baada ya wiki mbili," alisema Tunsume. "Ada ya Mtu Mkubwa hatuipati hata tukiuza nyumba, na nyumba tumepanga."

"Nitarekebisha," alisema Bwana Obadia.

Njia ya kurekebisha ilikuwepo, maana serikali ile ilikuwa na fomu ya kila kitu. Fomu Namba Tisa iliitwa Maombi ya Kujishusha. Mwombaji alitakiwa kuleta mashahidi watatu wanaomfahamu kwa miaka isiyopungua mitano, ambao wangesema mbele ya Baraza kwamba hajawahi kuwa mtu mkubwa kwa namna yoyote. Kifungu cha nne kilisema: mwombaji akipinga neno lolote baya aliloelezwa, ombi limekufa, kwa kuwa ni dhahiri bado anajiona. Kifungu cha tano kilisema: shahidi hata mmoja akimsifu, ombi pia limekufa, isipokuwa mwombaji mwenyewe akanushe sifa hizo kwa ushahidi wa kuonekana kwa macho.

Bwana Obadia alikesha akiwaza jinsi ya kuwaandaa watu. Aliona itakuwa mshtuko kwao. Asubuhi alianza na Chelula, muuza nyama, ambaye alikuwa akisimama kumhudumia kila Jumamosi kwa miaka sita.

"Kaka Chelula," alianza, "nina jambo zito, na usije ukalichukulia vibaya. Nataka uniwekee saini kwamba mimi si..."

"Wapi?" aliuliza Chelula akifuta mikono.

"Bado sijamaliza kueleza."

"Kwamba wewe si mtu mkubwa. Nimeiona fomu. Nipe kalamu." Akasaini, damu kidogo ikabaki kwenye kona. "Na siku ya Baraza nitakuja. Nitawaeleza vizuri, usiwe na wasiwasi."

Bwana Obadia aliondoka pale na saini yake akiwa na kitu kinamchoma kifuani. Alipofika kazini akamwendea mkuu wake, Bi Atupele. Mama huyu aliisoma fomu, akavua miwani.

"Bwana Obadia, kumbe ile kadi ya Mtu Mzito ilikuwa kweli?" aliuliza. "Mimi miaka yote hii nilidhani ni utani wako. Nikawa nawaambia watu, yule mzee wa mihuri ana vichekesho."

Akasaini, tena mara mbili, ya pili ya akiba.

Njiani kurudi Bwana Obadia alitembea bila kutazama watu. Miaka sita alikuwa amelipa mara tatu ili wamwone mzito, na kumbe hakuna aliyekuwa anamwona. Chelula alikuwa akisimama kwa sababu ya sheria, na alipokuwa amesimama alikuwa akiwaza vidole vyake mwenyewe visikatwe. Mkohoaji wa foleni huenda alikuwa na mafua tu. Hilo la mafua lilimkata maini kuliko yote.

"Nachana hii fomu," alimwambia mkewe. "Watu gani hawa? Hawakusita hata kidogo."

"Ulitaka wasite?"

"Kidogo. Kwa adabu."

Tunsume aliuliza: "Aliyebaki ni nani?"

"Mzee Syoka."

"Basi yeye nenda umwombe asite," alisema, akarudi jikoni, na Bwana Obadia akamsikia huko anacheka peke yake.

Mzee Syoka alikuwa nje kwake akirekebisha tairi ya baiskeli. Aliipokea fomu, akaisoma yote mpaka jina la mpiga chapa, akasaini bila neno. Alipoirudisha alisema tu, "Nitasema kilichomo moyoni mwangu, jirani." Bwana Obadia alimshukuru, akajiandaa kwa mabaya zaidi.

*

Baraza la Kujishusha lilikaa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Gwakisa Mbonile, Mtu Mkubwa wa miaka yote, na kulia na kushoto kwake walikaa wajumbe wawili, mmoja wa kutikisa kichwa kukubali na mwingine wa kukataa. Ukumbi ulikuwa na joto la kuivisha ndizi, lakini waheshimiwa wote walikuwa wamefunga makoti mpaka kifungo cha juu. Sekela na mama yake walikaa benchi la mbele. Msichana alikuwa na ile bahasha mapajani, ameishika kwa mikono miwili.

Chelula alisema kwa robo saa. Alisema Bwana Obadia hununua nyama robo na kuomba ifungwe kama ya kilo mbili. Alisema siku moja aliomba mfupa wa mbwa, ilhali hana mbwa. Watu walicheka. Bwana Obadia aliuma ulimi na kukaa kimya, maana kifungu cha nne alikuwa amekikariri.

Bi Atupele alisema kwa ufupi na kwa ukarimu. Alisema katika miaka kumi na tisa mwombaji hajawahi kusababisha jambo lolote kutokea. Mjumbe wa kukubali alitikisa kichwa. Mwenyekiti aligusa muhuri.

"Shahidi wa tatu."

Mzee Syoka alisimama taratibu, akaweka kofia yake kitini.

"Mwenyekiti," alisema, "mke wangu marehemu aliugua. Alilazwa siku arobaini. Mimi nilikuwa na mguu wangu huu, sikuweza kufika kwake asubuhi. Huyu Obadia, kila siku kabla ya kazi, alimpelekea uji kwenye chupa ya chai. Siku arobaini. Alikuwa anakaa pembeni yake mpaka aumalize, na mvua ilipokuwa inanyesha alifika amelowa. Hakunidai asante, na hajawahi kumwambia mtu. Nimeambiwa nije niseme si mtu mkubwa. Nimejaribu kulisema hilo nyumbani kwangu, nikashindwa. Kama huyu si mkubwa, basi mimi mkubwa simjui."

Akakaa.

Ukumbi mzima ulimgeukia Bwana Obadia, na safari hii walikuwa wanamwona kweli. Hakuwa anabuni. Chelula mwenyewe alikuwa amesimama, na hakuna aliyemwamuru. Bwana Obadia alihisi kitu kinampanda kutoka tumboni, cha moto na kitamu, ambacho hakukipata kwenye vitunguu wala kwa bendi. Alitamani Mzee Syoka arudie pale kwenye mvua.

"Ushahidi mzito," alisema Mwenyekiti kwa furaha, maana Baraza lilipewa asilimia ya maombi yaliyokataliwa. "Kwa kifungu cha tano, ombi limekufa, na mwombaji anabaki Mtu Mkubwa. Nadhani hana la kukanusha?"

Bwana Obadia alimtazama Sekela. Msichana alikuwa analia, lakini si kwa ajili ya ada. Alikuwa anamtazama baba yake kwa fahari, na ile bahasha ilikuwa imemdondoka na hakuiona. Angemwachia yote wakati ule, hata chuo, na asingemlaumu kamwe. Hilo ndilo lililomwinua Bwana Obadia kitini.

"Ninakanusha," alisema. "Uji aliupika mke wangu. Alikuwa anaamka saa kumi. Mimi nilibeba chupa tu."

"Kubeba kunahesabika," alisema Mwenyekiti. "Sheria inataka ushahidi wa kuonekana kwa macho."

Bwana Obadia akaanza kufungua vifungo vya koti. Tunsume alipeleka mkono mdomoni, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyejua. Koti lilivuliwa. Kwa mbele palikuwa na kola nyeupe iliyopigwa pasi, tai, na kipande cha shati chenye upana wa kitambaa cha kufutia meza. Bwana Obadia akageuka. Kwa nyuma hapakuwa na kitu. Mgongo ulikuwa wazi, mwembamba, na jasho likitiririka katikati. Mikono ya shati nayo ilikuwa vikofi viwili tu, vimefungwa kwa uzi.

"Shati zima ni bei ya Mtu Mzito," alisema akiwa amewapa mgongo. "Kwa hiyo huwa nanunua moja kwa mwaka, nalikata, linatoka mashati manne. Mimi ndiye huyu. Naomba mwanangu alipiwe kwa bei ya mtu huyu."

Hakuna aliyecheka. Mjumbe wa kukataa alitikisa kichwa kukubali, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na mwenzake akachanganyikiwa. Mwenyekiti aliupiga muhuri haraka kama anayeua nzi: AMESHUSHWA. Filimbi ilipigwa mluzi mmoja mfupi. Sekela alikimbia akamvalisha baba yake koti, akamfunga vifungo yeye mwenyewe, mmoja mmoja, mpaka wa juu.

Ada ililipwa siku hiyo hiyo mchana. Mhasibu wa chuo alipokea fedha akiwa amekaa, tena anakula karanga, na Bwana Obadia hakumwona mtu mwingine yeyote aliyewahi kumpendeza kiasi kile.

Lakini kabla ya hapo, watu walipokuwa wanatoka ukumbini, Mwenyekiti alimwita kando. Alihakikisha mlango umefungwa. Alitazama dirishani. Kisha Mheshimiwa Gwakisa Mbonile, Mtu Mkubwa wa miaka yote, aliinama sikioni mwa Mtu wa Kawaida akamuuliza kwa sauti ya chini sana:

"Kaka, yako inatuliaje? Yangu nikikaa tu, kola inapanda mpaka masikioni."

"Pini mbili, Mheshimiwa," alisema Bwana Obadia, "na kamba ya kiatu ipite kwapani."

Mwenyekiti aliandika kwenye kiganja, akamshukuru, akakaza koti lake, akatoka nje kwa mwendo wa pole, na askari wa mlangoni wakampigia saluti.